Mstari Nilioubadilisha

Kazi yangu hapa Xiaobei, mtaa wa jiji la Guangzhou, China, ni ukalimani, na ukalimani wa sokoni una uongo wake. Mnunuzi kutoka Kariakoo akisema, "Mwambie laoban huyu ni mwizi," mimi humgeukia huyo tajiri wa duka na kumwambia kwa Kichina kwamba mteja ameupenda mzigo ila anaomba apunguziwe. Wote wawili hutabasamu. Nimeishi hivyo miaka tisa, na nilikuwa najivunia.

Ndiyo maana mshairi aliponijia, nilijiona nimefika. Alikuwa mzee wa Kikorea, jirani yangu wa ghorofa ya juu, aliyeishi Guangzhou miaka mingi akifundisha lugha yake. Binti yake wa pekee aliolewa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, wakahamia huko. Mzee hakuwa amezungumza na mkwewe tangu siku ya posa. Sasa alikuwa amemwandikia shairi, na alitaka mkwe alisome mwenyewe kwa Kiswahili, asitafsiriwe na mkewe. Mkwe alikuwa anakuja Xintang, mji wa viwanda vya jinzi hapa jirani, kuagiza mzigo. Mzee aliomba kitu kimoja tu: wakutane.

Tulikaa jikoni kwake siku nne. Yeye alisoma Kikorea, akanieleza kwa Kichina, mimi nikaandika. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika hapa: "Nilitazama ngozi yako, nikafunga mlango nawe ungali unaniamkia."

Nilikasirika kwanza, maana ngozi ile ni yangu pia. Halafu nikaona haya kwa niaba yake. Kwetu baba mkwe hajivui nguo mbele ya mkwewe. Nikaandika: "Ulikuja siku ambayo sikuwa tayari." Sikumwambia. Niliona namstiri, hata nikajipongeza.

Nikamtumia mkwe shairi kwa simu, pamoja na ombi la mzee la kukutana. Kesho yake jibu likaja kwa sauti, mzee akiwa amekaa mbele yangu, mikono magotini.

"Dada, mwambie mzee shairi zuri, nashukuru. Ila siku ile alinifungia mlango kwa sababu ya rangi yangu, tena nimeongozana na mjomba wangu. Hilo mbona kaliruka? Kama mpaka leo anaona alikuwa hayuko tayari tu, basi tusisumbuane. Nitachukua mzigo wangu, nitarudi nyumbani."

Mara hii sikulainisha. Nilimtafsiria neno kwa neno, nikiogopa kumtazama.

"Lakini nimeandika," alisema. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Huu hapa."

Nikamwambia niliubadilisha. Nikamweleza na sababu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka. Nilijichukia. Nikashika simu, nikasema namtumia sasa hivi, namwambia kosa ni langu.

"Tuma," alisema. "Ila ataamini vipi? Ataona nimekubali baada ya kukaripiwa."

Nilituma mstari, nikaeleza yote kwa sauti yangu, nikaapa. Jibu lilikuja alasiri.

"Dada, wewe si ni mkalimani? Najua kazi yenu, kupatanisha watu. Usijali, sina kinyongo na wewe."

Mzee akauliza amesema nini, nikamwambia. Alilifunga daftari, akanishukuru kwa adabu zote, akanisindikiza mlangoni. Mkwe alichukua jinzi zake Xintang na kuondoka Guangzhou bila kupanda ngazi zetu.