Nilimficha mkwe uso wangu, dunia nzima ikaona mgongo

Habari admin, naomba unifiche jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, mkulima wa pamba huku Itilima. Shule niliishia la nne, kwa hiyo mtanivumilia uandishi wangu. Sendoff ya binti yangu wa kwanza imekaribia na mpaka leo sijui kama niende au nisiende. Nitamwita Kabula, siyo jina lake.

Kabula amepanga nyumba Bariadi mjini. Kazi yake anafanyia hapohapo ndani, anajibu wateja wa kampuni kwa kompyuta. Mwaka huu akasema anataka kukipamba chumba cha kazi kifanane na yule mtoto wa kiboko aliyevuma kwenye simu, yule mnene anayeng'aa kama kapakwa mafuta. Ukuta akapaka rangi ya kijivu, mapazia ya pinki, zulia la manyoya, vitaa vya kamba juu ya meza, hata kikombe cha chai kina sura ya huyo mnyama. Mimi nilimuona kichaa kidogo lakini ni mwanangu, nikafurahi anavyofurahi. Akaniambia, mayu, yaani mama kwa kwetu, kimebaki kitu kimoja tu, kiboko mkubwa wa kuegemea, dukani hawana.

Nikamshonea mwenyewe. Nilitoa pamba ya shambani kwangu, nikaichambua mbegu kwa vidole, nikashindilia kwenye kitambaa cha kijivu mpaka kikawa kiboko cha kukaliwa na mtu mzima. Masikio yalitoka kama ya nguruwe, nikajua atanicheka, nikasema acheke tu. Nikakibeba mpaka Bariadi. Alikipokea vizuri, akakiweka sakafuni kando ya meza, akawasha kompyuta aone chumba kinavyoonekana kwa watu. Mara simu ya video ikaita humohumo, akapokea, akasema, mayu, msalimie mkweo.

Kugeuka, naona uso wa mwanaume umejaa kioo chote, unanitazama. Wasukuma wenzangu mnajua. Mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni, hata njiani mnapishana mmoja anaingia porini. Huyo kijana ni wa mkoa mwingine, ng'ombe zake zilipokelewa na wajomba, mimi sikuwahi kumuona. Niliona aibu mwili mzima. Mlangoni siwezi kufika bila kupita mbele yake, basi nikajifunika kitenge kichwani, nikapiga magoti, nikajisukumiza pale kati ya meza na kile kiboko, uso ukutani. Sikujua kwamba kule nyuma bado ananiona. Akasema shikamoo mama. Nikaitikia humohumo ndani ya kitenge, marahaba baba, hamjambo huko. Nilimsikia Kabula anahema kwa kwikwi, nikadhani analia kwa vile nimemheshimu mume wake. Kumbe alikuwa anacheka, na simu iko mkononi anarekodi.

Nilirudi nyumbani na amani zangu. Siku nimepeleka pamba kituoni kupima, vijana waliponiona wakaanza kuvuta pua na kukoroma, mmoja akainama akatembea kwa mikono na magoti. Sikuelewa. Mama mmoja tunayesali naye akanivuta pembeni, akanionyesha simu yake. Niko mimi, makalio yangu yamejaa kioo, kando yangu kile kiboko cha pamba. Juu wameandika: WAKO WAWILI, MTAFUTE WA KWELI. Chini watu wanasema wa kulia ndiye anayemaliza ugali. Mwingine anauliza nauzwa kwa kilo au mzima mzima. Nilisoma polepole, neno kwa neno, maana sisomi haraka. Nikafika kwa jina la mkwe wangu. Ameandika, "Nilitoa ng'ombe, kumbe nimepewa na kiboko juu." Na binti yangu amemjibu kwa vikatuni vya kucheka machozi.

Nilimpigia. Sikumgombeza, nilimuuliza tu, mwanangu, nimekukosea wapi. Akaniambia nisikuze mambo, watu wamenipenda, wauza mapazia wanamtafuta kwa ajili ya ile video. Halafu akanieleza mpango wa sendoff. MC ameshaambiwa. Utapigwa muziki, niingie ukumbini kwa magoti nimefunikwa kitenge, na kile kiboko kikivutwa nyuma yangu, mpaka mbele ya meza ya wakwe. Nikasema Kabula, pale watakuwepo kaka zangu, na kaburi la baba yako bado liko mioyoni mwetu, siwezi. Akasema:

"Basi shangazi atakaa kwenye kiti cha mama. Yeye anajua kuvaa, na hana aibu za kijijini."

Shangazi mtu amekubali, ameshashona nguo. Kabula ananisubiri mimi niseme ndiyo au hapana. Juzi akanitumia ujumbe, "Mayu, kula vizuri, usije ukapungua." Nilifurahi, nikaurudia mara nyingi, nikajua moyo umemrudi. Nikamjibu nakula mwanangu, na wewe kula. Ndipo akamalizia, "Ukikonda video haitachekesha."

Ndugu zangu, najua wengine mnaosoma hapa mliiona ile video, na mlicheka. Siwachukii, hamkujua ni mama wa mtu. Naomba tu msimtukane mwanangu, mimba yake niliibeba wakati wa njaa na bado ni wangu. Hajaacha kunipigia simu, kila asubuhi ananiuliza, mayu unakuja? Nyie mlioozesha, niambieni kwa upole. Nitambae mbele ya mkwe ili nimuage mwanangu, au nibaki shambani, aagwe na mama mwingine?