Mikono Iliyomtuliza Masanja

Mama zangu mliokaa hapa kliniki na watoto mapajani, nianze na aibu yangu: nilikuwa na wivu, na wivu ule nusura uniulie mtoto.

Miaka ile ya sabini tulihamia Rujewa na ng'ombe wetu, tukitokea Usukumani. Mume wangu akaniletea mke mwenza, Minza, ambaye hakujaliwa kuzaa. Nikishinda majarubani kupandikiza mpunga, yeye ndiye aliyembeba Masanja wangu mgongoni. Nikirudi, mtoto hataki hata kuniangalia. Roho iliniuma, jamani! Nizae mimi, apendwe yeye?

Masanja alipofika miaka minne akashikwa na homa, akawa anatapika kila alichokula. Zahanati wakataka damu ya kidole. Nikamwambia, "Nesi anakupa pipi." Alipochomwa alinitazama kwanza, ndipo akalia. Hawakuona malaria. Siku ya tatu shingo ikakakamaa, macho hayataki mwanga. Tukapanda lori la mpunga mpaka hospitali Mbeya, mimi na mume wangu, na Minza naye akang'ang'ania kuja.

Daktari akasema, "Lazima tutoe maji ya uti wa mgongo, maabara wayapime. Lakini atulie kabisa. Akijitikisa, sindano inaweza kumdhuru."

"Namshika mimi," nikajibu. "Masanja, hakuna sindano, baba."

Mwongo mimi! Mtoto alishanijua. Aliniuma mkono mpaka damu ikatoka. Daktari akarudisha sindano kwenye trei.

"Mama, haiwezekani. Yuko mwingine aliyemzoea?"

Mume wangu alikuwa ameenda kuandikisha jina la mtoto; Minza alikuwa nje ya mlango, nikimsikia akikohoa. Nikasema, "Hakuna. Tungoje kesho, labda atatulia." Ndiyo, nilisema hivyo, Mungu anisamehe.

"Kesho tunaweza tusiwe na mtoto," daktari akasema.

Nikafungua mlango. "Njoo umshike."

"Mimi, dada?"

"Nimesema njoo!"

Minza akamkunja kifuani. "Watakuchoma mgongoni. Itauma sana. Lia, lakini usisogee. Sikuachii." Mtoto akalia kweli, ila hakusogea hata kidogo. Maji yakatoka machafu, kama yaliyooshewa mchele. Maabara wakaujua ugonjwa, homa ya uti wa mgongo, Masanja akaanza kuchomwa dawa siku hiyo hiyo. Siku ya sita akaomba uji. Alimwomba Minza.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na wa maabara. Nanyi nawaambia: msimdanganye mtoto kuhusu sindano. Mwambieni itauma. Tena ashikwe na yule anayemwamini, hata kama wewe humpendi mtu huyo.

Masanja sasa ni mtu mzima. Akija kutusalimia anaanzia nyumba ya Minza, na mimi nachungulia dirishani wivu ukinichoma, sifichi. Lakini anakuja kwa miguu yake mwenyewe.