Wote Waliotawala Kijiji Chetu

Siku ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, kando ya uwanja. Baba, shefu wa kijiji chetu huko milima ya Fizi, alikuwa akisuluhisha majirani wawili waliogombana kuhusu mbuzi wa mmoja aliyekula maharage ya mwenzake. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa palepale, kama anayesikiliza kesi yake. Watu walicheka.

Tulikuwa tumezoea kubadilishiwa watawala. Waasi walikuja, wakashusha bendera, wakasema wametukomboa. Wanajeshi wa serikali wakarudi, wakatukomboa tena. Wote walitaka unga, na kila mara baba aliagiza watu watoe. Alisema mwenye bunduki na njaa habishiwi.

Asubuhi hiyo waasi wengine walitokea upande wa mto. Kesi ikaishia hapo.

Kamanda wao hakupaza sauti.

"Bon, mzee. Wale wanajeshi waliotoka juzi, ni nani aliwapa chakula? Tupatie majina."

Kila mtu pale alikuwa ametoa. Hata mimi.

Baba akasimama.

"Ni mimi."

"Peke yako?"

"Hawa walifanya nilivyowaambia. Donc, ni mimi."

Wakamfunga mikono. Aliponipita alisema, "Walisheni watoto kwanza, ndipo muondoke." Ilikuwa sauti yake ya kila siku.

Hatukumwona tena.

Wale majirani wawili ndio waliotushusha hadi ziwani, mimi na wanangu, mmoja akiwa amembeba mtoto wangu mdogo mgongoni. Tukavuka kwenda Tanzania, tukaishi kambini miaka mingi.

Mwaka 2015 nilikuwa Louisville, huku Amerika. Nilikaa mtaa wa Newburg, na kazi yangu ilikuwa kutunza wazee kule Highview. Mmoja wao alikuwa Bibi Hilde, Mjerumani aliyeolewa na askari Mwamerika baada ya vita vyao. Siku moja nikiwa namchana nywele, alinisimulia habari za kijiji alichozaliwa, mpakani na Ufaransa. Walitawaliwa na Wafaransa, wakaja Wanazi, wakaja Waamerika na vifaru, kisha Wafaransa tena. Shuleni picha ya ukutani ilibadilishwa kila mara. Msumari ulikuwa uleule.

Baba yake alikuwa mwoka mikate. Aliwaokea wote. Wafaransa waliporudi, jirani alimtaja kwamba aliwalisha Wanazi. Akafungwa, akaachiliwa amekonda, na hakumsalimia jirani yule mpaka kufa.

Nami nikamsimulia habari za baba yangu.

"Ungependa angetaja majina?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Ningependa angerudi."

Alinishika mkono. "Wangu alirudi," akasema. "Lakini mtaa wetu ulikufa. Watu walipitana barabarani kama wageni."

Jioni nilizungumza na wanangu waziwazi, maana walikuwa wamekua. Niliwaambia babu yao hana kaburi, na kwamba jambo hilo bado linaniuma. Niliwaambia pia kwamba mmoja wa wale majirani wa mbuzi yuko huku Amerika pia, mjini Columbus, mwingine Buffalo, East Side, na wote wawili hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Kati yetu hakuna aliyemtaja mwenzake. Tulimpoteza baba, na hasara hiyo hailipiki. Lakini hakuna mtawala hata mmoja aliyeweza kutufanya tuogopane.