Kilele Kilichogoma Kuondoka

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu yeyote, huweka kiganja ubavuni mwa pipa la nitrojeni ya kimiminika na kuliuliza, "Umeamkaje?" Kisha hukijaza kigunduzi baridi yake, maana kikipata joto hakisikii mionzi ya gama hata ukipigie magoti. Maabara nzima humwita Mama Baridi. Hata binti wa kaka yake, anayesoma chini yake, humwita hivyo kazini. Shangazi ni jina la nyumbani.

Huko nyumbani hakuna anayeielewa kazi yao. Kaka mtu huwaambia wageni kwamba dada yake hupima mawe, naye hapingi. Akibanwa sana husema anachunguza viini vya atomu vilivyopungukiwa nyutroni. Viini hivyo huzaliwa pale chembe za kasi zinapogonga bamba jembamba la madini, na vikitulia hutoa gama. Kwa gama hizo mtu hukisia kama kiini ni duara au kimerefuka.

Binti alikuwa amepata kilele cha gama kwenye grafu, kirefu, safi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona kitu, dalili ya kiini kipya. Tasnifu yake yote ilikikalia. Siku hiyo, kama ilivyo desturi yao kabla ya kuamini lolote, Mama Baridi aliagiza mwale wa chembe uzimwe, kigunduzi kisikilize chumba kitupu.

Kilele kikabaki.

Binti akaivuta grafu karibu. Kumbe ni mionzi ya asili ya zege la ukuta tu? Lakini alipolinganisha grafu hii na ya awali, kilichobaki kilikuwa kama nusu. Cha ukuta kingebaki vilevile. Cha kiini chake kisichodumu kingetoweka chote. Hiki hakikufanya hili wala lile. Labda bamba lenyewe lilikwisha kulewa mionzi, sasa linaitoa lenyewe. Labda ni vilele viwili, cha ukuta na cha kiini, vimevaa shati moja. Fundi wa mwale, ambaye hawezi kuona mtu mnyonge asimtanie, akasema basi angalau nusu shahada imepatikana. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mama Baridi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaitazama grafu ileile. Binti hakuwahi kumwona akisita hivyo. Alikuwa na maswali chungu nzima, ila moja tu ndilo lililotoka, tena kwa jina la nyumbani.

"Shangazi, ni changu au si changu?"

"Sijui," akasema. "Kalete bamba jipya."