Mzee Rwegasira na Usaili wa Binti Yake

Mzee Alexander Rwegasira alifundisha Kiingereza miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoka nje ya nchi, labda tuhesabu ile siku aliyovuka mpaka wa Mutukula kwenda kununua baiskeli Uganda akarudi jioni. Alianzia Muleba, akapita Ngara na Biharamulo, akastaafia Muleba tena. Sisi Wahaya tunasemwa sana kwa kupenda Kiingereza, na mengine tunasingiziwa, lakini kwa Mzee Rwegasira hatuna la kujitetea. Huyu alikuwa akisikiliza taarifa ya habari na kalamu mkononi. Mtangazaji akiteleza, mzee anaandika kosa pembeni mwa gazeti, na mwisho wa taarifa anampa maksi zake.

Mkewe, Bernadetta, alipofariki, na macho ya mzee mwenyewe yakawa yameingia ukungu, binti yake wa mwisho alimfuata kwa meli ya Bukoba akamleta Mwanza. Binti huyo ni Kokulinda. Alimpeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, kisha la pili, akaona vizuri, na habari ya kurudi Muleba ikaishia hapo. Wakawa wanaishi wawili Nyakato, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo nyuma. Jirani yao, Gladness, ana mashine ya kusaga inayonguruma kutwa.

Kokulinda alikuwa na miaka thelathini na tatu, hajaolewa, naye anafundisha Kiingereza shule ya binafsi hapohapo Nyakato. Jioni alirudi na madaftari ya wanafunzi, akayasahihisha mezani, akayasogeza upande wa pili wa meza. Hapo baba yake alivaa miwani na kuyapitia upya, kuona kama yamesahihishwa sawasawa. Walifanya hivyo miaka minne, na mzee aliamini kwamba hicho ndicho kipindi kizuri kuliko vyote katika siku yao.

Mwaka jana mwezi wa pili, baada ya chakula, Kokulinda alisema kuna jambo.

"Nimeomba kazi ya kufundisha Kiingereza, Baba. Vietnam."

"Vietnam! Waingereza wamekwisha?"

"Wapo, ila hawatoshi. Siku hizi wanachukua hata watu wa kwetu, wakifaulu intavyuu. Ni mkataba wa miaka miwili."

Kokulinda akashuka kwenye kochi, akapiga magoti, na alipopiga magoti mzee alijua kwamba jambo lenyewe si la kupita.

"Lakini bila neno lako siendi. Ukisema hapana, nitawaandikia hapana, na hatutaliongea tena. Sitanuna, sitaweka kinyongo. Naomba tu ufikirie."

Angekuwa mtoto mwingine, mzee angesema hayo ni maneno ya mdomoni. Kokulinda akisema anamaanisha. Kwa hiyo uamuzi wote ukawa umewekwa mapajani kwa Mzee Rwegasira, naye hakupenda ulivyokuwa mzito.

Ukweli ni kwamba hakutaka aende, na sababu yake ilikuwa fupi sana: aliogopa kubaki peke yake. Mwanawe mkubwa, Rwekaza, yuko Dodoma na hupiga simu Jumapili kwa dakika nne. Lakini mwanamume wa miaka sabini na moja, aliyewachapa viboko watu ambao leo ni wakurugenzi, anaanzaje kusema anaogopa upweke? Alihitaji sababu yenye heshima. Akakaa wiki nzima akiitafuta, na hatimaye akaipata.

"Nitawaona kwanza hao watu," alisema. "Hata anayekuja kuoa, tunamwona sura, tunamsikia anavyoongea, tunauliza ukoo wake. Siwezi kumtoa mtoto kwa watu nisiowajua. Hiyo intavyuu yenu nitakuwepo."

"Baba, si kama posa. Ni kwenye kompyuta."

"Kwani kwenye kompyuta hawana nyuso?"

Kokulinda alifungua mdomo aseme neno, akaufunga. Mzee aliona, akadhani amekubaliwa. Moyoni alijua kwamba haendi kuwaona, anaenda kuwatafuta kosa, na kosa hatashindwa kulipata, maana kutafuta makosa ndiyo kazi aliyosomea.

Usaili ulipangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kufikia saa tatu mzee alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoagwa nayo siku ya kustaafu, tai shingoni, viatu vinang'aa. Alikuwa ameamuru vitambaa vya makochi vifuliwe. Juu ya meza ndogo aliweka sahani yenye kahawa ya kutafuna iliyoletwa kutoka Kamachumu, kwa sababu mgeni akiingia kwa Mhaya jambo la kwanza ni kahawa, mengine baadaye. Kama mgeni hawezi kuichukua kwa mkono, basi ataiona kwa macho na kujua kwamba amefika kwa watu. Alikuwa pia ameandaa hotuba ya dakika tano.

Kokulinda alipotoka chumbani na kuikuta sebule katika hali ile alisimama mlangoni.

"Baba," alisema, "ungekaa kule karibu na televisheni. Kamera isikufikie."

"Kwa nini nijifiche nyumbani?"

Kokulinda alikaa mbele ya kompyuta, na mzee akavuta kiti akakaa bega kwa bega naye.

Wageni walitokea wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, akajitambulisha kwa jina la Bi Huong, mkuu wa kituo. Wa pili alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ndevu, msimamizi wa masomo. Kabla hawajasema la pili, Mzee Rwegasira alikuwa ameshainua sahani ya kahawa mbele ya kamera, na kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko barabara yoyote ya Nyakato akawakaribisha nyumbani kwake, akawaeleza ukoo, akaanza kueleza Muleba iko wapi.

Yule kijana aliinua kiganja.

"Samahani. Kokulinda, tulikuandikia kwamba mwombaji anatakiwa kuwa peke yake chumbani. Huyu bwana ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Tunaheshimu hilo. Lakini kumekuwa na watu wanaosaidiwa majibu, kwa hiyo ni sharti kwa wote. Tafadhali mwambie atoke, ndipo tuendelee."

Sahani ilikuwa bado hewani. Mzee aliishusha polepole. Alimtazama binti yake na kuona shingo yake imelowa jasho, akaelewa kwamba sharti lile alilijua tangu mwanzo na alishindwa kumwambia. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine, na tusimsingizie, kilikuwa furaha. Watu wamefukuza mwenye nyumba nyumbani kwake! Sasa hilo ni kosa lenye miguu na mikono. Nani angemlaumu akisema hapana? Alijiegemeza kwenye kiti, akakunja mikono, akasubiri binti yake amwambie baba yake toka nje. Katika ukoo wao wote hakuna mtu aliyewahi kutamka neno hilo kwa mzazi.

Kokulinda hakulitamka. Aliwaambia wale watu, kwa sauti tulivu, "Baba yangu siwezi kumtoa. Mimi ndiye nitakayetoka. Nipeni dakika mbili." Akachomoa waya wa chaji, akaibeba kompyuta kifuani, akaipitisha jikoni, akatoka nayo uani. Mzee alisikia akigeuza beseni la kufulia na kuweka kompyuta juu yake. Kisha akamsikia akiwaonyesha ua mzima: hii kamba ya nguo, huu ukuta, hawa kuku ni wa jirani, hakuna mtu mwingine.

Mzee akabaki na makochi yake yaliyovikwa vitambaa safi. Alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta, na angeweza kukaa akatafuna kahawa hadi mambo yaishe. Lakini mwalimu ni mwalimu. Alitaka kusikia kama mtoto anajibu vizuri. Dirisha la sebule linaangalia uani, na lilikuwa wazi. Tatizo lilikuwa mashine ya Gladness, inayomeza maneno nusu nusu. Akanyanyuka, akalikokota kochi dogo lililokuwa kwenye kona ya televisheni hadi chini ya dirisha, akaketi na sikio lake zuri upande wa nje.

Mwanzoni alisikia somo la mfano. Kokulinda aliwafundisha wale wawili kama vile ni watoto wa miaka minane, namna ya kuulizana bei sokoni. Kijana wa ndevu akajifanya mtoto mzito, akakosea mara tatu. Kokulinda hakumkatiza. Alimwacha amalize, akamjibu kana kwamba ameelewa, na ndani ya jibu lake mlikuwa na sentensi sahihi. Kijana akairudia sahihi bila kujua kwamba amerekebishwa. Mzee alikunja uso. Yeye angesimamisha somo.

Kisha Bi Huong akauliza swali ambalo mzee naye alikuwa akilisubiri.

"Huko una kazi, una nyumba, una baba. Kwa nini unataka kuja huku?"

Mashine ilikuwa imezimwa kwa muda, Gladness akibadilisha gunia.

"Baba yangu ndiye mwalimu bora wa Kiingereza niliyewahi kumwona," Kokulinda alisema. "Na mtaani kwetu watu wakimwona anakuja wanavuka barabara. Wanamwogopa. Mtu akimsalimia, anamsahihisha salamu. Hajui kama wanamkwepa, anadhani wanamheshimu. Mimi nimeanza kuwa kama yeye. Mwaka jana mtoto wa darasa la tatu alikuja kuniambia mama yake amefariki usiku. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa sababu shuleni kwetu ni amri. Nikaisahihisha sentensi yake kwanza. Ndipo nikampa pole."



"Akanishukuru," Kokulinda aliendelea. "Akairudia sentensi ilivyotakiwa, ile ya kwamba mama yake amefariki, halafu akaenda kukaa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nataka niende mahali ambapo mimi ndiye sijui kuongea. Nikakosee bei ya vitunguu sokoni, watu wanicheke, nijue inakuwaje. Labda nitarudi nikiwa mwalimu."

Mashine ikawashwa tena.

Mzee Rwegasira alikaa vilevile. Kwanza alikasirika, na alikasirika kwelikweli, kwamba mtoto amemwanika mbele ya wageni. Hasira haikukaa. Alianza kuwaona watu wa mtaani mmoja mmoja. Gladness, anayemrudishia chenji kimya huku akitazama chini. Vijana wa bodaboda, wanaoacha kucheka akikaribia. Mwalimu mwenzake wa zamani, Jonathan, anayeishi Mirongo, hapohapo Mwanza, aliyekuja kumtembelea mara moja tu. Halafu akamwona Bernadetta, jikoni kwao Muleba, akisikika anaongea na kucheka na wanawake wenzake, na sauti ikikatika kila yeye alipoingia. Miaka arobaini alikuwa akiwaambia watu kwamba mke wake ni mpole, hana maneno mengi.

Iliuma. Hata sasa ukimuuliza atakwambia iliuma kuliko siku ya msiba wa Bernadetta.

Sijui alikaa hivyo muda gani. Alichosikia baadaye ni kandambili jikoni, na Kokulinda akaingia na kompyuta kifuani, uso umelegea kwa uchovu.

"Wamesemaje?" mzee aliuliza.

"Wamenipa nafasi palepale. Nimewaambia nasubiri neno la baba." Akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Lile sharti nililisoma, nikashindwa kukwambia. Wamekufukuza kwako kwa ajili yangu. Ukisema hapana nitakuelewa kabisa, na sitarudi nyuma kwa nililokuahidi."

Hapana ilikuwa mdomoni tayari, imeiva, na sababu yake ilikuwa ya heshima tupu. Ilibaki kuitoa tu.

"Hawakunifukuza," alisema Mzee Rwegasira. "Waliniomba, na walisema tafadhali. Ni watu wenye utaratibu. Wamenipendeza."

Kokulinda aliinua uso. "Wamekupendeza?"

"Sana."

"Na intavyuu yenyewe... ulisikia?"

"Nisikie wapi? Na hiyo mashine ya Gladness? Sikusikia hata neno."

Kokulinda akatazama dirisha lililokuwa wazi. Akatazama kona ya televisheni, palipobaki alama nne za miguu ya kochi kwenye zulia. Kisha akalitazama kochi lenyewe, ambalo baba yake alikuwa bado amelikalia, chini ya dirisha. Mzee naye alifuata macho yake, na ndipo alipotambua amekaa wapi. Hakunyanyuka.

"Baba..." Kokulinda alisema.

"Nimesema sikusikia. Waandikie. Waambie baba amekubali, na uwaambie sasa hivi kabla sijabadili mawazo."

Kokulinda alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akafungua kompyuta palepale sakafuni. Aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika tena, miwani ya mzee ikiwa mezani hatua moja kutoka alipoketi. Alipomaliza aliigeuza kompyuta upande wa baba yake, kama alivyozoea kufanya na madaftari.

"Itume tu," mzee akasema.