Mlima Niliojitwika Kichwani

Mwaka wa uhuru nilikuwa darasa la tano. Mwaka uliofuata baba na mama walikuwa wamekwisha kufariki, nami nilikuwa nafyatua matofali kando ya mto ili wadogo zangu wale na wasome. Sikuona haya. Kazi ya udongo niliipenda.

Miaka michache baadaye, wakati wa uasi, shule za Kisangani zilifungwa miezi mingi. Risasi zilipotulia na ya kwetu ikafunguliwa, vitabu na ramani vilikuwa vimeshageuzwa kuni na watu waliolala madarasani. Mwalimu akatangaza kwamba kila mtoto ataeleza somo moja mbele ya wenzake. Atakayeweza atapanda darasa la sita; asiyeweza atarudia la tano. Mdogo wangu wa kike akapewa milima ya mashariki na misitu yake. Alirudi nyumbani amenuna.

"Yaya," akaniambia mimi mkubwa wake, "miye sijaona hata mulima moja."

"Hata miye. Tutaitengeneza."

Niliukanda udongo na pumba za mpunga usipasuke, kama tufanyavyo kwa matofali, nikausimamisha juu ya ubao. Kisha tukapanda miti, yaani vijiti vyenye majani. Sisi ni watu wa msitu wa tambarare, ambako kila mti hurefuka kulifuata jua. Basi tukafikiri kwamba kileleni, jua likiwa karibu zaidi, joto si la kusema, na miti ya huko lazima iwe mirefu kupita yote. Tukaweka vijiti virefu juu na vifupi chini.

Jirani yetu, karani wa posta kutoka Kivu, kwenye milima hiyo hiyo ya mashariki, alikuwa amekwama mjini tangu barabara zifungwe. Alipita uani, akasimama, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Alors, huyu mulima amevaa kofia ya manyoya?"

"Tonton, si kule juu jua iko karibu?" mdogo wangu akamuuliza. Tulimwita hivyo, yaani mjomba.

"Kule juu iko baridi, mama. Asubuhi ukipumua, moshi inatoka mu kinywa kama vile unavuta sigara."

"Tonton anatucheka."

"Naapa. Bon, ngoa miti yote."

Tukaanza upya. Chini miti mirefu, kama ya kwetu. Juu yake miti mifupi iliyopinda, tukaivika ule ujani laini uotao kwenye kuta za kisima. Halafu vijiti vya ufagio vikawa mianzi, ambayo machipukizi yake, alisema, huliwa na masokwe wakubwa. Kisha vichaka na nyasi, na mwisho jiwe tupu. Ukungu hushika miti ile, akasema, ukadondoka tone tone. Matone huwa vijito, vijito huwa mito, na mito hushuka mpaka kwenye mto wetu. Alikuwa amechuchumaa, sauti imepungua. Akachukua punje ya mahindi, akaibana ubavuni mwa mlima.

"Hapa ni kwetu."

Asubuhi nikajitwika ubao, mdogo wangu kando yangu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akatusimamisha.

"Nini hiyo?"

"Mulima, chef."

"Unapeleka mulima wapi?"

"Ku masomo."

Akaniamuru niutue, akauzunguka na bunduki yake. "Mbona kule juu hakuna miti? Na jua iko karibu?"

Nilifungua kinywa, lakini mdogo wangu alinitangulia. Alimweleza baridi, ukungu, mianzi na masokwe, kutoka chini mpaka juu, bila kutetemeka. Askari alisikiliza amekunja uso, kisha akauliza kama masokwe wanauma.

"Ukiwaacha, wanakuacha, chef."

"Bon. Piteni na mulima yenu."

Shuleni nilibaki nje, dirishani. Mwalimu akauliza mlima wa mbali hivyo unatuhusu nini sisi wa Kisangani.

"Mwalimu, leo ulikunywa maji?" akajibu mdogo wangu. Darasa likacheka. "Ingine ilitoka kule."

Akapandishwa la sita.

Mwalimu aliomba mlima ubaki darasani, maana ramani haikuwepo. Wanafunzi waliunyunyizia maji kila siku ili ujani usinyauke. Wiki haikuisha, mdogo wangu akaja mbio kumwita jirani. Tukaenda wote watatu kuchungulia dirishani. Ile punje ilikuwa imeota, majani mawili mapana, yameifunika mianzi yetu yote.

"Niliwaambia," tonton akasema, akipangusa miwani. "Kwetu udongo ni muzuri."

Udongo ule niliuchimba mwenyewe, hapa hapa kando ya mto. Nikampisha dirishani aone vizuri.