Shemeji na Mchoro wa Mkuu

Hili hamtaliamini, na msipoliamini shauri yenu. Shemeji yangu hufundisha latisi chuoni, yaani hesabu za nani yuko juu ya nani, na wawili wakiungana wanamfikia nani. Vidole vyake vina chaki hata siku ya mapumziko. Akiona vitu vimepangwa, sahani kabatini au wajomba kwenye picha ya arusi, huinamisha kichwa na kunong'ona, "Inagawanyika," au, kwa huzuni ya mfiwa, "Haigawanyiki." Latisi njema kwake, hiyo inayogawanyika, ni ile ambayo ukimlinganisha mtu na wawili walioungana, au na kila mmoja kisha ukaunganisha, jibu ni lile lile.

Siku moja mkuu wa chuo akatundika mchoro mpya wa uongozi: yeye juu, manaibu watatu katikati, tarishi chini. Mkataba wa shemeji ulikuwa mezani kwa mkuu, haujasainiwa. Mwenye akili angepiga makofi. Shemeji akainamisha kichwa.

"Mkuu, haigawanyiki. Manaibu wowote wawili wakiungana, wanakuwa wewe. Wakitafuta wanachoshirikiana, wanaambulia tarishi."

Basi mkuu akabadilika rangi, manaibu wakaangua kilio, mkataba ukachanwa, meza ikapinduka, na mimi pale dirishani nikaona kwa macho yangu haya mawili—

"Shemeji, acha uongo! Dirisha lipi?" Ni yeye mwenyewe, nyuma yangu, anajipangusa chaki kwenye gauni. "Mkuu alinishukuru. Akasaini, akanichora pale katikati, naibu wa nne. Tarishi bado ni mmoja, na bado haigawanyiki."